Mlevi wa Baiskeli

Kama umetoka hospitalini leo na daktari amekuambia uache kuendesha kitu chochote chenye injini, na sasa umekaa nyumbani ukifikiria utawaambia watu nini, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Sitakueleza ugonjwa huu unaanzia wapi kichwani. Sijui, na waliojaribu kunieleza hawakuelewana wao kwa wao. Nitakueleza nilivyoishi nao, na jinsi nilivyowaumiza watu wa nyumbani kwangu wakati mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kupata nafuu. Sasa mimi ni mzee, sijaanguka kwa miaka mingi, na sina tena mtu wa kumwogopa.

Ugonjwa wenyewe ni kifafa. Nimeliandika neno hilo mapema kwa sababu kulitamka mbele ya watu kulinichukua miaka.

Wakati ule, miaka michache baada ya Uhuru, kazi yangu ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano upande wa Sosiot. Wakulima walikuwa wameanza kununua ng'ombe wa maziwa, lakini ni wachache walioweza kufuga dume la kizungu, kwa hiyo mbegu za dume zilikuja kwa chupa ya barafu, na chupa hiyo niliibeba mimi. Kila asubuhi nilipita njia ile ile kwa pikipiki. Kila baada ya mwendo mfupi kulikuwa na kizimba cha miti kando ya barabara, na mkulima ambaye ng'ombe wake alitaka dume alimleta hapo na kuningoja. Ng'ombe hana subira. Leo anataka, kesho hataki, na mwenye ng'ombe atasubiri mpaka joto lake lirudi tena. Kwa hiyo watu waliujua mlio wa pikipiki yangu. Akina mama wakiusikia ukipanda kutoka bondeni walianza kukaza kamba. Waliniita Bwana Sindano. Nilikuwa nimesoma mpaka sekondari, wa kwanza katika nyumba ya baba yangu, nilivaa koti refu la mvua na kofia ya ngozi, na nilijiona mtu mkubwa sana.

Mara ya kwanza ilinikuta nyumbani nikinyoa ndevu. Nakumbuka kioo, halafu nakumbuka sakafu. Mke wangu, Mama Chebet, alikuwa ameweka kichwa changu mapajani, na wembe ulikuwa umerukia chini ya kabati. Ulimi ulikuwa umekatika upande mmoja, suruali imelowa.

"Usiseme kitu," akaniambia. "Nimewatoa watoto nje. Hawajaona."

Nilikuwa bado sijajua hata kilichonipata, na tayari tulikuwa tumeanza kuficha.

Mara ya pili ilinikuta juu ya pikipiki, kwenye kona moja katikati ya mashamba ya chai. Nilizinduka nikiwa nimelala juu ya michai, imenipokea kama kitanda, nayo pikipiki iko kando inanguruma peke yake. Paja lilikuwa limeungua kwenye bomba la moshi. Sikuonwa na mtu. Niliwaambia watu kwamba paa alikatiza barabara, na kwa muda mrefu wakulima waliniuliza kwa mzaha kama yule paa nilimla.

Hospitali ya mjini ilikuwa na benchi refu lililokuwa limeng'arishwa na makalio ya watu. Ukikaa mwanzo wake asubuhi, unasogea kidogo kidogo mpaka unafika mlangoni mchana. Kando yangu alikaa mchuma chai mmoja ambaye mkono wake ulikuwa umekunjamana kwa moto. Nilijua ugonjwa wake kwa kuutazama mkono ule. Nikasogea, nikaacha nafasi kati yetu, kama vile watu wengine wote walivyofanya. Mimi, niliyekuwa nimekuja kwa ugonjwa ule ule.

Daktari hakuwa na maneno mengi. "Pikipiki, basi. Moto, kaa mbali. Mtoni usioge peke yako."

"Na baiskeli?"

"Ningekuwa wewe ningetembea. Lakini kama ni lazima, kwenye mteremko shuka uisukume."

Sista Moraa, muuguzi aliyenipa vidonge, alikuwa mtu wa kutoka Kisii, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha. Alinishika mkono wakati wa kunipa. Sikumbuki mtu mwingine aliyenigusa siku ile. "Baba, hii usikose hata siku moja. Na pombe hapana, hata kuonja."

"Mimi ni mtu wa kanisa, Sista."

"Hao ndio ninawaambia," akasema.

Afisa wetu wa mifugo, Bwana Okeyo, mtu wa upande wa ziwa, nilimweleza kwa sababu ilinilazimu. Alinisikiliza akizungusha kofia mkononi.

"Sikia, bwana. Mimi sina shida na kichwa chako. Shida yangu ni ng'ombe. Utaweza baiskeli?"

"Nitaweza."

"Basi nitakupunguzia njia, wakulima wengine nimpe kijana mpya. Na watu wakiuliza?"

"Waambie pikipiki imeharibika."

"Itaharibika mpaka lini?" akauliza. Lakini hakunibana nijibu. Alikuwa mtu mzuri. Alinipa baiskeli nyeusi ya chuma, nzito kama kitanda, nikaifunga chupa ya barafu kwenye keria.

Anayejua nchi ile hahitaji kuambiwa kuhusu milima yake. Unapanda, unateremka, unapanda. Mtu mzima kuteremka mlima akisukuma baiskeli wakati kila mtu anajua mteremko ndio raha ya baiskeli, hilo pekee lilitosha kuwafanya watu wageuze shingo. Halafu vile vidonge. Miezi ya kwanza vilinipa usingizi, nikawa natembea kama mtu aliyevikwa blanketi kichwani. Waliponibadilishia dawa, fizi zikaanza kuvimba, zikafunika nusu ya meno, nikaacha kucheka nimefumbua mdomo. Kwa ile baiskeli miguu ikawa imara kama ya kijana, na uso ukawa wa mzee.

Na nilichelewa. Kila kizimba nilifika nimechelewa.

"Bwana Sindano!" akapaza sauti Mzee arap Tonui, jirani yangu na mzee wa kanisa letu, akiwa ameegemea kizimba. "Ng'ombe yangu imeshasahau ilikuwa inataka nini!"

"Na hilo dume la kizungu unalobeba kwa chupa," akadakia mama mmoja, "haliwezi kukusukuma kwa mlima?"

Wakacheka, nami nikacheka nimefunga mdomo. Lakini walianza kuulizana. Mtu hashuki kutoka pikipiki hadi baiskeli bila sababu.

Lazima nieleze hapa nilichokuwa nakiogopa, maana bila hicho mengine yote ni upumbavu mtupu. Kwetu wakati ule mtu akianguka na kutoa povu, watu walisimama mbali. Kikombe chake kilitengwa. Na zaidi ya hayo, binti yangu mkubwa, Chebet, alikuwa amefika umri wa kuolewa. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, msichana mnyamavu, mwenye akili kunishinda. Kijana mmoja anayeitwa Joel, mwana wa mkulima wa ngano karibu na Mulot, alikuwa amempenda, na watu wake walikuwa wameanza kutuma salamu. Kabla ya ndoa, wazee wa pande zote hukaa katika kikao cha koito na kuulizana mambo ya ukoo: kuna mchawi, kuna mwizi, kuna mtu wa kuanguka? Swali hilo la tatu lilikuwa limevunja posa nyingi nilizozijua. Mimi mwenyewe, nikiwa kijana, niliwahi kukatazwa msichana kwa ajili ya shangazi yake.

Siku moja ya soko nilianguka karibu na Sosiot. Nilipoanza kurudiwa na fahamu nilisikia wanaume wawili wakizungumza juu yangu.

"Ni nini hii inamtingisha?"

"Achana naye. Hiyo ni chang'aa. Huyu si alikuwa na pikipiki? Ameinywa!"

Wakacheka, wakaenda zao. Nikabaki nimelala, shavu kwenye matope, na nikafurahi. Sijasikia tusi tamu kama lile maishani. Mlevi! Hakuna ukoo usio na mlevi, na mabinti wa walevi huolewa kila mwaka. Nikaona nimepata njia.

Kuanzia juma lile nilinunua chang'aa kwa mwanamke mmoja aliyeipika nyuma ya kambi ya wachuma chai. Kabla ya kupanda baiskeli nilisukutua, nikatema, na kiasi kidogo nikajimwagia kwenye kola. Yule mwanamke aliniona siku moja nikitema, akashika kiuno. "Mzee, wengine wanauza kuku wapate hii, na wewe unamwagia nyasi?" Mbali na mke wangu, katika nchi nzima yeye ndiye pekee aliyejua kwamba sinywi, naye aliniona mwendawazimu.

Mama Chebet aliisikia harufu siku ile ile. Nilipomweleza mpango wangu alikaa juu ya kigoda.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa mke wa mlevi."

"Ni kwa ajili ya Chebet."

"Chebet umemwambia?"

"Nimwambie nini? Akijua, siku ya kuulizwa uso wake utamsaliti."

Hakubishana. Ningependa kuandika kwamba alikubali, lakini ukweli ni kwamba alichoka.

Jina likaenea haraka kuliko nilivyotarajia. Mlevi wa Baiskeli. Msimu uliofuata wa mvua, siku ya mvua ya mawe iliyopiga chai ikabaki vijiti, nilianguka kwenye mtaro karibu na shule. Nilizinduka mawe ya barafu bado yanayeyuka kando ya uso wangu, nikasikia watoto wakiimba. Walikuwa wamelitungia wimbo jina lile. Halafu nikasikia sauti ya mwalimu wao.

"Twendeni. Msimwangalie."

Ilikuwa sauti ya Chebet. Niliona viatu vyake vikipita usawa wa macho yangu, vimejaa matope, vikiharakisha. Hakusimama. Nami sikumwita, kwa sababu ulimi ulikuwa umekatika tena, na kwa sababu mpango ulikuwa unafanya kazi.

Kanisa letu halikubali pombe hata kuinusa. Wazee walikuja nyumbani, wakiongozwa na arap Tonui. Hawakuniuliza mimi. Walimgeukia mke wangu, aliyekuwa akimimina chai.

"Mama Chebet, sisi hatutaki maneno ya sokoni. Tunataka kusikia kwako. Huyu mtu anakunywa?"

Mwanamke huyu hakuwahi kumwambia mteja kwamba maziwa ni ya leo ilhali ni ya jana. Aliweka birika chini.

"Anakunywa."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Waliomba, wakanisimamisha ushirika, na yeye wakamwondoa kwenye uongozi wa nyimbo za akina mama mpaka nyumba yake itengemae. Walipoondoka aliosha vikombe vyote, hata vile ambavyo havikutumika.

"Nimedanganya mbele ya watu wanaoomba," akasema akinipa mgongo. "Usiniombe tena."

Nilimwomba tena. Watu wa Mulot walikuja kwa koito wakati wa kiangazi, wazee kwa wazee, mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ikamiminwa, maswali yakaulizwa. Babake Joel, mtu mrefu mwenye utani mwingi, ndiye aliyelifikisha swali lile. Mzee wa upande wetu alinitazama. Nikainamisha kichwa, naye akajibu kwamba hakuna. Mama mmoja wa upande wao hakuridhika, akamgeukia Mama Chebet aliyekaa karibu na mlango.

"Na kwenu ulikozaliwa, mama, na hapa ulikoolewa, hakuna mtu wa kuanguka?"

"Hakuna," akasema mke wangu.

"Lakini tunasikia huyu mkwe wetu anapenda chupa," akasema babake Joel, na nyumba nzima ikacheka. "Hiyo si ugonjwa! Hata mimi nilikuwa bingwa kabla ya kuokoka."

Nyuma ya ukuta wa matope, jikoni, Chebet alikuwa akipika. Alikisikia kicheko kile. Siku ya arusi alimtuma mama yake aniambie nisikae mbele, nami nikakaa nyuma kabisa na watu waliokuja kwa ajili ya chakula.

Kwa hiyo nilishinda. Binti aliolewa, siri ikakaa. Nilidhani nitajitokeza na kusema ukweli baada ya hapo, lakini mke wangu akanikumbusha kwamba Chebet ana wadogo zake wawili wa kike. Tulikuwa tumejifunga wenyewe. Nikaendelea kwenda hospitalini kila mwezi na kukaa kwenye benchi, nikiacha nafasi kati yangu na wengine, na nikaendelea kutema chang'aa kwenye nyasi.

Habari ilikuja na Mama Chebet mwenyewe. Alikuwa amekwenda Mulot kumwona binti yetu, na aliporudi hakufungua kitambaa chake kichwani, alisimama tu uwanjani.

"Anaanguka," akaniambia. "Kama wewe. Nimemwona kwa macho yangu."

Nilijaribu kusema huenda ni malaria.

"Baba Chebet. Mimi nimekushika kichwa miaka hii yote. Utanifundisha?"

"Wanasema ni nini wao?"

"Wanasema amerogwa na jirani wanayegombana naye mpaka wa shamba. Wanasema haiwezi kuwa ya ukoo, kwa sababu ukoo waliuuliza. Wamemchanja chale. Wanamtilia dawa za moshi puani."

"Na wewe hukuwaambia?"

"Ningewaambiaje?" akasema. "Mimi ndiye niliyewajibu."

Msomaji, ninajua unachotarajia. Unatarajia nilipanda baiskeli siku ile ile. Sikupanda. Niliwaza kwamba nikisema, watamrudisha. Niliwaza huenda itapita yenyewe. Niliwaza kumtumia vidonge kwa siri, nikaviweka hata kwenye kikaratasi, halafu nikaogopa vitaonekana. Palizi ya mahindi ikaanza na ikaisha. Nilikuwa na dawa kwenye mfuko wa shati langu, dawa ambayo ilikuwa imenifanya nisianguke zaidi ya mara moja kwa miezi mingi, na binti yangu alikuwa anafukizwa moshi. Nimeyapima makosa yangu yote, na hili ndilo zito. Mengine nilifanya kwa hofu nikidhani nitamsaidia mtu. Hili nilifanya nikijua.

Kisha ikaja salamu kwamba Chebet ameangukia moto wa jikoni.

Mvua zilikuwa zimeharibu barabara na basi la kwenda Mulot halikuwa na uhakika. Nilipanda baiskeli asubuhi bila kusukutua chochote. Nilipitia Litein na Kaplong, nikisukuma kwenye madimbwi yote ya matope na kwenye kila mteremko, kama nilivyoagizwa. Nililala Bomet kwa mtu wa ukoo wetu, nikafika Mulot siku ya pili, suruali imekauka udongo mpaka kiunoni. Sikuanguka njiani. Katika safari zangu zote kwa baiskeli ile, ndiyo pekee ambayo sikuogopa kuanguka.

Babake Joel alinikuta langoni, akanivuta karibu, akanusa.

"Mkwe! Leo umekuja mkavu? Kuna nini?"

Chebet alikuwa amekaa mlangoni, mkono wa kushoto umefungwa kwa shuka kuanzia kiwiko hadi vidole. Kichwani, pale nywele ziliponyolewa, niliona mistari ya chale. Hakuinuka kunisalimu. Nilikataa kiti, nikaomba Joel aitwe na mama yake pia, na nikasema nikiwa nimesimama.

"Mimi sijawahi kuwa mlevi. Mimi ni mgonjwa wa kuanguka. Nilianza kabla huyu hajaolewa. Nilijipaka chang'aa ili msijue."

Ng'ombe walikuwa wanalia zizini.

"Tulikuuliza," akasema babake Joel polepole. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mliniuliza."

"Mbele ya wazee. Ukainamisha kichwa."

"Ndiyo."

"Na huyu mtoto," akasema mamake Joel, "mimi nimemshikilia huku akichanjwa, analia, nikimwambia avumilie, uchawi utatoka. Mimi! Kumbe dawa iko hospitalini na wewe unaimeza kila siku?"

Nikatoa kile kikaratasi cha vidonge nikakiweka kwenye kigoda. Hakuna aliyekigusa. Chebet alikuwa ananitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyolowa.

"Kwa hiyo hunywi," akasema.

"Sinywi."

"Siku ile karibu na shule?"

"Nilikuwa nimeanguka."

"Na Mama anajua."

"Anajua."

Akainuka, akakipitia kile kigoda, akachukua vidonge kwa mkono wake mzima, akaenda kuwafungulia ndama. Hakurudi mpaka nilipoondoka. Joel alinisindikiza hadi barabarani, akanishikia baiskeli nipande, na nikaona ameona aibu kwa niaba yangu.

Kabla mahindi hayajavunwa Chebet alirudi nyumbani na furushi moja la nguo. Tulimpokea bila kumuuliza, maana tulijua. Wamemrudisha, nilimwambia Mama Chebet, kama nilivyosema watamrudisha. Nilimpeleka hospitalini mwenyewe. Kwenye benchi alikaa mbali nami. Sista Moraa alimfungua shuka, akautazama ule mkono, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuniita Baba. Vidole viwili vilikuwa vimeshikana na havikufunguka tena. Lakini dawa zilimkubali. Msimu mmoja wa mvua ulipita akaanguka mara chache, wa pili ukapita hakuanguka.

Nilisimama kanisani nikasema yote. Arap Tonui alilia, jambo ambalo sikulitarajia, na wazee wakamrudishia Mama Chebet uongozi wa nyimbo. Aliukataa. Alisema sauti imekwisha. Alikufa bila kuimba tena mbele ya watu, na wale mabinti wawili wadogo, ambao tulidanganya kwa ajili yao pia, waliolewa na watu waliojua kila kitu.

Wewe uliyetoka hospitalini leo, meza dawa zako. Baiskeli ni nzuri, itakupa miguu, lakini mteremko usukume. Mwambie mtu wa kwanza utakayemkuta njiani, na ukifika nyumbani uwaambie watoto wako, kabla hawajakuona mtaroni na kukupita. Watakaokimbia watakimbia. Wangekimbia hata hivyo.

Nilipofika hapa nilidhani nimemaliza. Nikamsomea Chebet, ambaye anaishi kwenye kipande cha shamba nilichomgawia na amestaafu ualimu. Alisikiliza akimenya viazi, kiazi akikibana kwa ule mkono wa vidole vilivyoshikana. Nilipofika pale kwenye kurudishwa kwake, akaniinulia kisu.

"Hapo umekosea."

"Wapi?"

"Hawakunirudisha. Niliondoka mwenyewe."

Nikamwambia haiwezekani, nilikuwepo, niliziona nyuso zao.

"Uliziona siku moja," akasema. "Mimi nilikaa nao mpaka mahindi yakaiva. Mama Joel aliniomba nibaki, alilia. Alisema nitapikiwa, nitakaa nyumba ya nyuma, wageni wakija wataambiwa nimesafiri. Joel alikubali. Hospitali hapana, watu wataniona kwenye benchi." Akakata kiazi vipande viwili. "Mimi nilikuwa nimefichwa vya kutosha."

"Miaka yote hii, Chebet. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza," akasema, akachukua kiazi kingine.